Kinga Ina Masharti Yake

Vijana niliowafundisha sasa wana maduka, vyeo na mashamba, na bado hunipigia simu. Wachache huniuliza habari za vitabu. Wengi huniuliza, kwa sauti ya chini, kama wavae kitu walicholetewa. Mmoja anakwenda kwenye usaili wa kazi, mwingine anagombea udiwani, mwingine duka lake limeanza kusemwa mtaani, na shangazi kutoka kijijini amemtumia kijifuko kilichoshonwa kwa kitambaa cheusi. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo nawajibu pamoja, kwa sababu nimezaliwa Kilwa Kivinje katikati ya hirizi, ubani na makombe, nikafundisha kusini na Kanda ya Ziwa, na katika maisha hayo nimeona kinga ikimsimamisha mtu na nimeona kinga ikiua. Wanaotafuta nguvu nawaheshimu. Ninachotaka ni waitafute mahali ilipo.

1. Muulize aliyeifunga, kabla hujamuuliza aliyeiandika

Nilipokuwa naondoka kwenda shule ya bweni, Bibi alinifunga hirizi mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Maalim wa chuo ndiye aliyeiandika: Ayatul Kursiyyu kwa zafarani na marashi, karatasi ikakunjwa mpaka ikatoshea kwenye ukucha wa kidole gumba, ikavishwa kitambaa, kisha fundi akaishonea ngozi pande zote pasibaki tundu. Ngozi ile haikuwa pambo. Ilikuwa stara ya maneno ya Mungu, ili mvaaji asiingie nayo pasipofaa yakiwa wazi. Bibi alipokwisha kukaza fundo akaniambia, "Mke mwenzangu, hii haipendi uongo. Ukisema uongo itakubana mkono."

Na kweli ilinibana. Maswali ya mtihani wa jiografia yalipovuja na kupita kitanda hadi kitanda bwenini, karatasi ikanifikia, nikahisi ukanda umekaza hata vidole vikafa ganzi. Nikaipitisha bila kuisoma. Wenzangu waliniona mjinga. Mimi nilijua kuna mtu ananitazama.

Muda si mrefu baada ya hapo ngozi ilipasuka nikiwa naoga. Nikaifungua kwa hofu kubwa, nikakuta ndani tope la kijivu, hakuna herufi hata moja. Zafarani huyeyuka kwa maji, na mimi nilikuwa naoga nayo kila siku, basi maneno yalikuwa yameondoka zamani. Kilichonibana siku ya mtihani kilikuwa kimeshonewa utupu.

Likizo ilipofika nikampelekea Bibi yale mabaki, nikidhani atalia. Hakushtuka. Akasema karatasi ni ya maalim, fundo ni lake. Ndipo Mama akaniambia jambo ambalo sikulijua: tangu nilipoondoka, Bibi alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi kwa nia yangu, na alikuwa hajaacha.

Najua masheikh wengi hawaikubali hirizi kabisa, na hadithi za Mtume zinazokataza kutundika matalasimu zinafahamika. Wengine huruhusu ile iliyoandikwa Qur'ani peke yake. Huo ni mjadala wa wenye elimu yake, na Bibi mwenyewe alisema kila siku kwamba mlinzi ni Mungu. Ninachoweza kushuhudia ni hiki: niliposimama imara, nilikuwa nimeshikwa upande wa pili na mwanamke mwenye njaa ya swaumu, anayenitaja kwa jina. Yule mganga aliyebandika tangazo lake kwenye nguzo ya umeme, pete ya bahati na mvuto wa biashara, malipo kwa simu, hakujui. Hata ukivaa pete yake, upande wa pili hakuna mtu.

2. Chombo chenye macho bado kinavuja

Majahazi ya Lamu yaliyofika kwetu kupakia boriti yalikuwa na macho. Kwenye omo ya kila moja, huku na huku, kulikuwa na vibao vya duara vilivyochorwa nyota na mwezi mwandamo, viwe macho ya kuonea njia na kurudisha husuda ya watu. Watoto tuliamini kwamba jahazi lenye macho halizami.

Siku moja nilimkuta nahodha wa chombo kimojawapo amepiga magoti pwani, maji yametoka, anasukumiza pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao, ubao kwa ubao, akipapasa kwa kidole kama daktari anayetafuta uvimbe. Wenzake walikuwa wanakoroga shahamu na chokaa kupaka deheni chini ya chombo. Nikamwuliza kwa nini anahangaika na chombo kina macho. Akaniambia kwamba chombo kisicho na macho ni mbao tu, unaweza kukiachia. Ukishakitia macho kinakutazama, utaona haya kukipeleka baharini kinavuja.

Nilikuwa mtoto, lakini jibu lile lilinishangaza mpaka nikakimbia kwenda kumhadithia Bibi. Nilidhani macho yamewekwa ili watu wapumzike. Nahodha aliyaweka ili asipumzike.

3. Mwiko unabaki hata nyumba ikiondoka

Bukoba nilifundisha pamoja na Mganda wa Masaka, mwalimu wa hesabu aliyevuka mpaka kukimbia utawala wa Idi Amin. Alikuja na sanduku dogo. Nyumba, shamba la kahawa na vyeti vyake vilibaki kwao.

Msimu wa senene ulipofika, karibu na Novemba, mji mzima ulibadilika. Taa ziliwashwa usiku kuwavuta, watoto wakakimbia na makopo, na sebuleni kwetu walimu tulikaa tukinyonyoa mabawa na miguu, halafu tukawakaanga kwa chumvi na kitunguu mpaka jirani wa tatu akasikia harufu. Mwenzetu alikaa nasi, akazungumza, akanywa chai, lakini hakutia mkono. Tulidhani ni mgeni wa chakula kile. Kumbe kwao Masaka ndiko senene wanakosifika. Yeye alikuwa wa ukoo wa Nsenene, na senene ndio muziro wake, mwiko wa ukoo.

Wahaya wana miziro yao pia, kwa hiyo wanafunzi wetu walimwelewa kabla yetu sisi watu wa pwani. Alitueleza kwa subira. Kila ukoo wa Buganda una muziro wake mkuu, na mwingine wa pili unaoitwa kabbiro: mnyama, samaki, mdudu au mmea. Huuli wako, huuharibu, na mwenye muziro wako ni ndugu yako hata kama hamjapata kuonana, kwa hiyo huoi kwao. Ukoo una kiongozi wake, una mdundo wake wa ngoma, una majina yake. Mganda akitajiwa jina la mtu huweza kujua ukoo wake, na akijua ukoo anajua jinsi ya kumwita.

Mimi nilimhurumia. Niliona ni mzigo juu ya mizigo, mtu amepoteza kila kitu halafu ananyimwa hata senene. Nikabadilika mawazo siku tuliyokwenda sokoni pamoja, akaongea na kijana mmoja mchuuzi aliyekuwa amevuka mpaka juzi yake tu, mchovu, macho mekundu. Waliulizana kwa Kiganda, maneno machache. Ghafla mwenzangu akamshika mkono, akambebea furushi, akaja naye nyumbani. Kijana alilala kwake, akala kwake, akapewa nauli kutoka mshahara ambao haukutosha hata mwenye nao. Nilipomwuliza kama wanafahamiana, akasema ni ndugu yake. Walikuwa wamekutana saa ile ile, mbele ya mafungu ya ndizi. Walichokuwa nacho pamoja ni kwamba wote hawali senene.

Nimelifikiria jambo lile miaka yote. Wanajeshi waliweza kuchukua nyumba na shamba. Hakuna kizuizi cha barabarani ambako wangeweza kumnyang'anya kile asichokila. Kila Novemba, sahani ilipopita mbele yake na yeye akaiacha ipite, alijua yeye ni nani, mtoto wa nani, na nani angemfungulia mlango. Kijana wa leo ananiambia anataka nembo yake mwenyewe, ameichagua, simba au tai, ameichora begani kwa wino. Sina ugomvi na michoro. Namwuliza tu: huyo simba amekukataza nini? Kama hajakukataza kitu, hajakupa ndugu pia.

4. Jua kinga inaweza nini, na haiwezi nini

Hili ndilo zito kuliko yote, nami nililisomea Songea, darasani, kwa watoto niliodhani nawafundisha.

Tulikuwa tunasoma *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Kwangu ilikuwa habari ya nyumbani. Ngarambe alikokaa Kinjikitile Ngwale, mganga wa vita vya Maji Maji, si mbali na Kilwa, na wazee wetu walitaja vita vile kama mtu anavyotaja msiba wa jirani. Watu walimwendea Ngarambe kwa maelfu, wakapewa maji yaliyochanganywa na nafaka ya mtama au mahindi, wakaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Moto haukuzimika, wajumbe walikuwa wamekwisha kuyatawanya maji. Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia ngome ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka.

Nilizoea kufundisha mpaka hapo na kuuliza wanafunzi: tunajifunza nini? Nao hujibu, imani za kishirikina zilileta maangamizi. Alama kamili.

Mwaka ule msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono akauliza swali lililoninyamazisha. Kama maji yalionekana hayazuii risasi Agosti 1905, kwa nini watu waliendelea kupigana hadi 1907? Je, walikuwa hawaoni? Darasa likageuka. Mvulana wa Kingoni, ambaye babu zake walipigana, akasema kwamba waliona vizuri sana. Lakini walikuwa wamekwisha kunywa pamoja. Mngoni atarudije nyumbani amwache Mmatumbi peke yake, na amekwisha kula naye sharti?

Nikaenda tena kwenye vitabu kwa jicho jingine, nikaona ambavyo nilikuwa navipita. Maji yalikuwa na masharti: usipore mali ya mtu, usimguse mwanamke wakati wa vita. Anayeyafuata tayari ni askari mwenye nidhamu. Makabila yapatayo ishirini, yenye lugha zao na ugomvi wao wa zamani, yalikunywa dawa moja yakawa na adui mmoja. Kazi hiyo ilikuwa haijawahi kufanyika katika nchi ile. Maji yaliifanya kabla ya risasi ya kwanza kulia. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliieleza vita ile hivyo: watu waliinuka kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala, wala hawakusukumwa na hofu ya kiapo.

Kazi ya pili, ya kugeuza risasi, maji hayakuiweza, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Waliokufa wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi zaidi ya 60 walinyongwa hapo hapo Songea, na Makumbusho ya Maji Maji yapo leo mahali pa kumbukumbu yao. Nilikwenda pale na darasa lile. Msichana wa swali alisimama mbele ya kaburi la halaiki, hakusema neno, nami sikumwuliza tunajifunza nini.

Kwa hiyo, mwanangu, kinga yako iombe ujasiri, iombe nidhamu, iombe umoja na watu wako. Hivyo inaweza kukupa, na ni vingi. Usiiombe ifanye kazi ya chuma. Nimemzika mwanafunzi wangu wa zamani, dereva wa bodaboda, mchangamfu, aliyekuwa na hirizi kiunoni na kofia ngumu akiining'iniza kwenye usukani. Mama yake ndiye aliyemfunga ile hirizi, kwa mapenzi yote. Nayo kofia alinunua yeye mwenyewe. Vyote viwili vilikuwapo.

5. Kinga inayodai damu ya mtu ni mauaji

Hapa sina mafumbo. Nilikuwa bado nafundisha Kanda ya Ziwa wakati mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi, kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Watu walikatwa viungo wakiwa hai ili mtu mwingine auziwe dawa ya utajiri au ya ushindi. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta vibali vya waganga wa jadi, na mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku upigaji ramli. Ilibidi.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino, mwerevu, anayekaa mbele ili aone ubao. Aliacha kuja. Wasichana wa darasa lake, bila kuambiwa na mwalimu yeyote, walianza kwenda kumchukua kwao alfajiri na kumrudisha jioni, kundi zima, wakimweka katikati. Alimaliza shule. Kwangu, katika habari zote za kinga ninazozijua, hiyo ndiyo iliyofanya kazi waziwazi kuliko zote.

Ukiambiwa na yeyote kwamba dawa yako inahitaji kiungo, nywele, au kaburi la mtu, usirudi nyumbani kufikiri. Nenda polisi siku hiyo hiyo.

6. Kinga kubwa haina mwenyewe mmoja

Nilipostaafu nilivuka Horohoro kwenda Kwale, Kenya, nikaingia Kaya Kinondo. Huingii hivi hivi. Tulivishwa kaniki nyeusi, tukaambiwa masharti: usiokote kitu, hata jani lililoanguka, usivunje kijiti, wapenzi wasibusiane. Mti mkubwa unaruhusiwa kuukumbatia, ukiwa na jambo lako.

Kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda, vijiji vilivyozungushiwa msitu. Katikati ya kaya huzikwa fingo, kinga ya watu wote, ambayo mapokeo yao yanasema ililetwa kutoka Singwaya walipohama kutoka kaskazini. Nilimwuliza mzee aliyetuongoza kama amewahi kuiona. Akanitazama kwa mshangao, kama niliyemwuliza kama amewahi kuuona moyo wake mwenyewe. Hajaiona, wala hana haja. Kazi yake ni kuhakikisha haukatwi mti.

Hapo ndipo nilipoona kwa macho kile nilichokuwa nakisikia tangu enzi za Bibi. Nje ya mpaka wa kaya, pwani yote ile imekwisha: mashamba, machimbo, hoteli. Ndani mna miti na mimea mingine isiyopatikana kwa urahisi kwingineko. Msitu haukulindwa na ua wala bunduki. Ulilindwa na vizazi vya watu waliokubali kukatazwa. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya kaya hizi katika Urithi wa Dunia. Waingereza nao walitambua nguvu ya kaya kwa njia yao: mwanamke Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama, watu wa Mijikenda, na kuwalisha viapo mwaka 1913 wasitoe vibarua wala kodi, serikali ya kikoloni iliipiga baruti Kaya Fungo mwaka uliofuata. Wasingejisumbua kulipua mahali pasipo na nguvu.

Ila kuna kilichoniumiza. Wagiriama huwasimikia wazee wao waliokuwa katika chama cha Gohu nguzo za mbao zilizochongwa, vigango. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, hata familia ikihama hukiacha pale. Vimeng'olewa usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye kuta za nyumba na makumbusho ya Marekani. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili mwaka 1985, na ile picha ndiyo iliyothibitisha wizi. Familia ilirudishiwa vyote viwili mwaka 2007. Mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirudisha vingine 37. Bado vipo vingi huko.

Basi wewe unayefanya kazi hotelini, unayeongoza watalii, unayesafirisha mizigo bandarini, au unayeishi Marekani na umekiona kimoja kimesimama sebuleni kwa tajiri wako: uliza kimetoka kaya gani, na nani aliyekiuza. Piga picha. Watumie Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Anayekwambia alikinunua kwa halali, mwombe akutajie jina la mzee aliyesimikiwa, kwa sababu kila kigango kina mtu wake, na watu wa mtu huyo wapo Kilifi.